Gari linatetemeka Kondele: ni mafuta au ni klachi?

Swali hili limetoka kwa mwalimu mmoja wa Kisumu, nami nimelifupisha kidogo: "Naishi Mamboleo. Nina Volkswagen Golf 1.4 TSI ya mwaka 2013 iliyotoka Japani, otomatiki ya gia saba, imefika kilomita 112,000. Asubuhi nikijivuta kwenda mjini, pale Kondele, gari linatetemeka kama mtu mwenye homa, hasa likitoka gia ya kwanza kuingia ya pili. Likishashika mwendo halina neno. Fundi wa kwanza amesema gia boksi imekufa, ninunue nyingine. Wa pili amesema ni mafuta tu. Wa tatu amesema gia boksi hii haibadilishwi mafuta maisha yake yote. Mume wangu ametosheka, anataka tuuze tununue Honda Vezel ya haibridi. Kila mwezi tunakuja Nakuru kwa wazazi, sisi wawili na watoto watatu. Nimsikilize nani?"

Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Nianze na lile la haraka. Usiuze gari wiki hii, usinunue gia boksi nyingine, na fundi wa pili asifungue boliti ya kumwagia mafuta kabla hajakujibu swali moja: hayo mafuta anayotaka kuyabadilisha yanagusa klachi mahali gani? Kwa gari lako, hayaigusi popote. Klachi zako ni kavu. Kutibu klachi kavu kwa kubadilisha mafuta ya gia ni kumchua mguu mtu anayeumwa jino.

Kinachotuponza na gia boksi hizi ni jina. Tunaziita otomatiki kwa sababu pedali ni mbili na kuna P, R, N na D, basi tunaziendesha na kuzitengeneza kama otomatiki za Toyota tulizozizoea. Ukiifungua utakuta gia boksi ya manyuali, meno na yote, ila kazi ya mguu wako wa kushoto imepewa mashine. Tena klachi ni mbili, na shafti mbili, moja imepita ndani ya nyingine kama waya ndani ya mpira wake. Klachi ya kwanza inabeba gia ya 1, 3, 5 na 7. Ya pili inabeba 2, 4, 6 na rivasi. Ukiwa gia ya pili, ya tatu imeshaingizwa kitambo, inangoja zamu. Klachi moja inaachia huku mwenzake anashika, ndiyo maana barabarani husikii mkato wowote.

Wazo hili si la juzi. Mfaransa Adolphe Kégresse alilifikiria mwaka 1939, Porsche wakalitumia kwenye magari ya mashindano miaka ya 1980, na Volkswagen wakalileta kwenye magari ya barabarani mwaka 2003. Ile ya kwanza ya Volkswagen ina gia sita na klachi zake zinaogelea ndani ya mafuta. Hii yako ya gia saba ilikuja mwaka 2008 kwa ajili ya injini ndogo. Ni nyepesi, inaokoa petroli, na imeundwa kuhimili nguvu ya mzunguko isiyozidi niutonimita 250. Klachi zake hazina tofauti kubwa na ile ya Probox ya manyuali.

Sasa fikiria Premio ya zamani pale Kondele. Kati ya injini na gia kuna bakuli la mafuta linalozunguka. Ukijivuta nusu saa, mafuta yanakorogana, joto linapanda kidogo, basi. Katika Golf yako, kila mara gari linaposogea hatua tatu na kusimama, sahani ya klachi inasuguliwa kwenye chuma mpaka ishike, halafu unakanyaga breki inaachia, halafu inaanza tena. Yeyote aliyejifunza udereva kwa manyuali anajua harufu ya gari lililoshikiliwa mlimani kwa nusu klachi. Ndicho unachokifanya kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, bila kujua, kwa sababu hakuna aliyekwambia.

Nikupe niliyoyaona kwa macho. Desemba moja, watu wanarudi mashambani, familia ilitoka Nairobi kwenda Kakamega na gari lenye gia boksi kama yako. Watu watano, buti limejaa, juu kuna magodoro. Kutoka Salgaa kupanda mlima wa Sachangwan walikuta malori yamejipanga mbele yao, wakapanda nyuma yake kwa mwendo wa mzee anayetoka kanisani. Walipokaribia kufika juu, ile herufi ya gia kwenye dashibodi ikaanza kupepesa na gari likakataa kuvuta. Lilishushwa hadi kwangu juu ya lori. Nilipoitoa gia boksi, vumbi jeusi lilimwagika kama masizi ya chungu cha kuni. Chuma cha klachi kilikuwa kimegeuka samawati na zambarau, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi la maji, na kitambaa chake cha msuguano kiling'aa kama kioo. Dereva alikuwa kijana mstaarabu, akaniapia, "Fundi, sikukimbia hata kidogo."

Nilimwamini. Angepaki kando, akawaacha wale wa malori waende zao na kuinywesha klachi hewa dakika ishirini, angefika kwao siku hiyo hiyo.

Wewe njia yako ndiyo hiyo hiyo, ila kutoka upande wa pili. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na ukipita Ahero, Awasi na Kericho hadi Mau Summit umevuka mita 2,400. Kupanda huko kwa kilomita themanini kwa saa si tatizo, klachi imeshika kabisa na haisuguani na kitu. Tatizo ni kupanda kwa kilomita nane kwa saa. Kwa hiyo ukikwama nyuma ya lori, au hapo Kondele penyewe, sukuma kishikio cha gia upande wa kuchagua kwa mkono na ulikalishe gari kwenye gia ya kwanza. Ukiliacha kwenye D, kompyuta inapenda kukimbilia gia ya pili mapema mno, kisha kwa mwendo ule mdogo inalazimika kuiteleza klachi ya pili muda wote. Gia ya kwanza ikishika imeshika. Injini italia kidogo. Iache ilie, ni bei nafuu.

Acha pia nafasi mbele yako, ya magari mawili, usogee mara moja badala ya mara kumi. Najua boda boda wataingia hapo. Waache waingie. Ukisimama, kanyaga breki kwa uzito, maana breki ya kugusagusa inaiacha klachi ikiendelea kubusu chuma, lakini ukikanyaga sawasawa inaachia yote. Ukishakanyaga hivyo huhitaji kurukia N kila gari la mbele linaposimama. Mlimani usilishikilie gari kwa eksileta hata sekunde tano, breki ndiyo kazi yake. Ukishuka Sachangwan usiweke N eti unaokoa petroli: unajinyima nguvu ya injini ya kuzuia gari mahali ambapo kila mtu anajua kilichotokea kwa waliozidiwa na breki. Na ukiegesha kwenye mteremko, handibreki kwanza, P baadaye, ili uzito wa gari usining'inie kwenye kipande kimoja cha chuma ndani ya gia boksi.

Hayo ni ya kuzuia. Tuje kwenye mtetemeko ulio nao tayari.

Kabla ya mtu kuitaja gia boksi, apime plagi na koili zake. Silinda moja ikikosa moto kwa injini ya TSI iliyo chini ya mzigo, gari hutetemeka mwendo ule ule mdogo, na ukiwa umeshalishuku gia boksi utaapa ni yenyewe. Niliwahi kushusha gia boksi nzima, kazi ya siku mbili, nikairudisha, gari likatetemeka vile vile. Ilikuwa koili ya silinda ya tatu. Kazi ile sikulipwa, na sikustahili kulipwa. Aangalie pia raba zinazoshikilia injini, kwa kilomita zako zinaweza kuwa zimechoka.

Hapo pakiwa sawa, tafuta fundi mwenye kompyuta inayoongea na Volkswagen kwa undani. Hizi ndogo za kusoma taa ya injini hazitoshi. Aingie kwenye gia boksi, asome klachi ya kwanza na ya pili kila moja imebakiwa na nafasi kiasi gani ya kujirekebisha, na imewahi kupata joto la kiwango gani. Mwambie akuonyeshe tarakimu kwenye kioo. Akisema "iko sawa, mwalimu" bila tarakimu, mshukuru uondoke. Kadiri klachi inavyolika, kompyuta husogeza pale inapoanza kushika. Mara nyingine hesabu hiyo inapotea kidogo, na kuifundisha upya, gari likiwa limesimama na gia boksi ina joto la kazi, kunamaliza mtetemeko kwa muda mrefu. Ni kazi isiyofika saa moja, na hiyo ndiyo ningetaka uanze nayo. Mtetemeko ukirudi baada ya wiki chache, basi klachi zenyewe zimelika au zimeng'aa kwa joto, na hapo hakuna ujanja tena.

Klachi hizo huuzwa zikiwa seti moja, zote mbili pamoja na beringi na vijiti vinavyozisukuma. Mwambie fundi asirudishe beringi za zamani. Zinatolewa na kuingizwa kwa vifaa vyake maalumu, na kuna vipimo vya sehemu ya milimita vya kuchagua pete za kuweka chini yake. Ukikosea hapo, seti mpya inatetemeka kuliko ile ya zamani. Uliza kabla ya kukabidhi ufunguo: una kifaa cha kuichomoa klachi hii? Utapima pete kwa kifaa gani? Ukimwona ananyoosha mkono kwenye nyundo, kumbuka una kipindi darasani. Gia boksi ikiwa chini, aiangalie na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa sababu kuilipia kazi ile ile mara mbili kunauma.

Utaona sijasema ununue gia boksi nyingine. Meno ya ndani huwa mazima katika magari mengi ninayoyaona. Fundi wako wa kwanza anataka kukuuzia nyumba kwa sababu kitasa kimeharibika.

Kipande kinachoweza kuvunja moyo kweli ni mekatroniki. Ni ubongo wa gia boksi na pampu yake ya mafuta vikiwa kwenye mfuko mmoja, na ndiyo inayosukuma klachi na kuingiza gia. Kwa gia boksi yako ina mafuta yake yenyewe, kama lita moja, yaliyotengwa na mafuta ya gia, ambayo ni kama lita 1.7. Mwaka 2013 Volkswagen waliita magari takriban milioni 1.6 duniani yenye gia boksi hii ili wabadilishe mafuta hayo ya sintetiki na kuweka ya madini, kwa sababu yale ya kwanza yangeweza kusababisha shoti kwenye umeme wa mekatroniki, hasa sehemu zenye joto, unyevu na msongamano mwingi. Joto, unyevu na msongamano: hapo wamekutajia Kisumu. Gari lako ni la mwaka huo huo, basi mpe wakala wa Volkswagen namba ya chasisi akuangalizie kama lilikuwa kwenye orodha na kama lilifanyiwa huko Japani.

Ugonjwa mwingine wa mekatroniki hii ni mtungi wake wa shinikizo kupasuka pale unaposhikiliwa. Haujiletei kwa mtetemeko kama wako. Taa ya gia inapepesa na gari linapoteza gia kwa mafungu. Ukipoteza 2, 4, 6 na rivasi kwa pamoja, huku za witiri zipo, upande wa klachi ya pili ndio wenye shida, iwe klachi au mekatroniki inayoisukuma. Zikipotea za witiri, ni ule mwingine. Zikipotea zote, shinikizo limekwisha. Andika kinachopotea kabla ya kuzima gari, utamwokolea fundi nusu siku. Na mekatroniki ya mtumba ni bahati nasibu. Muuzaji mmoja aliniuzia moja aliyosema imepimwa, tukaifunga, tukaiandika upya kwenye kompyuta ya gari kama inavyotakiwa, ikaishi wiki tatu. Siku hizi napendelea kuitengeneza ile ya gari lenyewe kama saketi yake ya umeme ni nzima.

Kuhusu mafuta, fundi wa tatu hakudanganya. Kiwanda hakikuweka muda wa kubadilisha mafuta ya gia boksi kavu ya gia saba. Ila anachanganya akidhani ni hivyo kwa zote. Ile ya gia sita ina klachi zinazoogelea, na mafuta yake yanabeba unga wa klachi, kwa hiyo hubadilishwa pamoja na filta kila kilomita 60,000, na kipimo chake huwekwa injini ikinguruma na mafuta yakiwa kati ya nyuzi 35 na 45. Jirani yako mwenye injini ya lita 2.0 na gia sita akikwambia amebadilisha na gari likawa jipya, ni kweli, kwake. Kwako wewe, upande wa gia mimi huwa nayabadilisha yakifika karibu kilomita 100,000 kwa sababu ni kidogo na siamini sana neno "maisha yote" kwenye barabara zetu, lakini simwahidi mtu kwamba mtetemeko utaisha. Upande wa mekatroniki siugusi bila sababu. Na yeyote atakayekuja na galoni la mafuta mekundu ya Toyota, au ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia), mfungulie geti atoke.

Sasa Vezel ya mzee. Mweleze taratibu: Vezel ya haibridi ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka Desemba 2013, pamoja na Fit ya haibridi ya Septemba mwaka huo, zina gia boksi ya gia saba, ya klachi mbili, na klachi ni kavu. Mtakuwa mmeruka majivu mkakanyaga moto. Honda walipata aibu nayo mapema. Februari 2014 waliita magari 81,353 huko Japani kwa ajili ya programu ya gia boksi hiyo, na kufikia Oktoba 2014 Fit hiyo ilikuwa imeitwa mara tano, hadi mkurugenzi mkuu Takanobu Ito na wenzake wakajikata mishahara. Fit mpya ya 2020 na Vezel mpya ya 2021 zikaja na mfumo mwingine kabisa usio na gia boksi hiyo.

Hata hivyo si gari baya. Lina mota ya umeme iliyounganishwa na shafti ya gia za witiri, na mara nyingi linaondoka kwa umeme huku klachi zikipumzika. Kwa msongamano wa Kondele lina nafuu kuliko Golf yako, madamu betri ina chaji. Nyuma ya lori Sachangwan, betri ikishuka, injini ndiyo inayobeba na klachi zinateleza kama zako. Likikuandikia kwamba gia boksi imepata joto, paki pazuri usubiri, usibishane nalo. Mkilinunua, kwenye tovuti ya Honda ya Japani kuna mahali pa kuweka namba ya chasisi ukaona kama marekebisho yalifanywa. Ni ya Kijapani lakini simu itawatafsiria. Na jihadharini na fundi anayedhani kila Fit na kila Vezel ni CVT. Katika kizazi hicho, zisizo za haibridi ndizo zenye CVT. Mafuta yake yakitiwa kwenye haibridi, mtajutia.

Kama mzee anachotaka ni kusahau kabisa habari za gia boksi, basi atafute gari lenye otomatiki ya kawaida ya bakuli la mafuta, akubali linywe petroli zaidi kidogo. Mimi ningebaki na Golf, nikaifundisha klachi upya, nikabadilisha uendeshaji miezi miwili ndipo niamue.

Likiwahi kukataa kabisa njiani, liite lori la kubeba. Kulivuta kwa kamba kunaruhusiwa kwa umbali mfupi tu, likiwa N, usizidi kilomita 50 kwa saa wala kilomita 50 za safari. Yule wa Land Cruiser atakayesimama Londiani na kusema atakufikisha Kericho kwa dakika kumi na tano ana roho nzuri, lakini mwambie aende polepole au asiende.

Na siku ya kumpelekea fundi, usimwachie ufunguo ukaenda kazini. Muingie garini asubuhi, injini ikiwa baridi, uendeshe wewe na yeye akae kando na kompyuta yake mapajani. Pandeni kutoka Mamboleo kuelekea Riat kwa mwendo wa kujivuta, kwanza kwenye D, halafu mgeuze na kurudia ukiwa umelishikilia gia ya kwanza. Mtetemeko ukija kwenye D na kupotea ukishikilia ya kwanza, macho yake yawe kwenye tarakimu za klachi ya pili. Likitetemeka kote kote, aanze na koili.